Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy: Karani wa Pwani na Kitabu cha Milimani

1.0 Utangulizi

Historia ya nathari ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu, aghalabu huanza na hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa 1870. Kutoka hapo hugusa kwa haraka maandishi yaliyohaririwa na Carl Velten mwanzoni mwa karne ya ishirini, ikamfikia James Mbotela, na hatimaye ikatua kwa Shaaban Robert. Katika mfululizo huo Habari za Wakilindi hutajwa kwa jina tu. Wanaokifungua kitabu hiki na kukisoma kwa makini ni wanahistoria zaidi kuliko wahakiki wa fasihi, na wao hukifungua wakitafuta nasaba za wafalme, mfuatano wa vita na tarehe za matukio. Mwandishi wake, Abdallah bin Hemedi bin Ali 'lAjjemy, amebaki katika maandishi yao kuwa chanzo. Ni mtu wa kuulizwa habari, kisha akaachwa.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha yake na kazi yake, na kutetea hoja moja, kwamba Abdallah bin Hemedi ni mtunzi. Hakuwa chombo ambamo masimulizi ya Milima ya Usambara yalipita bila kubadilika. Alikuwa mtu wa pwani aliyeishi miongoni mwa watawala wa milimani, akawatumikia, akawasikiliza, na baadaye akachagua jinsi ya kuwasimulia kwa lugha isiyokuwa yao. Tukiukubali ukweli huu, tutalazimika kukisoma kitabu chake kwa namna nyingine, na kuipanga upya nafasi ya Tanga katika historia ya nathari ya Kiswahili.

Yafaa kwanza kuondoa utata mmoja wa majina. Abdallah bin Hemedi tunayemzungumzia siye Hemedi bin Abdallah bin Said al-Buhriy, mshairi wa pwani hiyo hiyo aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima. Wote wawili waliishi zama moja, wote waliushuhudia ujio wa Wajerumani, na kazi za wote wawili zilihaririwa na J.W.T. Allen. Hata hivyo mmoja alikuwa mtu wa utenzi na mwingine mtu wa nathari.

2.0 Mtu na Zama Zake

Abdallah bin Hemedi alizaliwa Unguja kiasi cha mwaka 1840, siku za Seyyid Said. Nisba yake, 'lAjjemy, ni ya watu wa Ajemi, jina walilotumia Waarabu kwa wasiokuwa Waarabu, na hasa kwa watu wa Uajemi. Nisba za namna hii zilikuwa za kawaida katika Unguja ya wakati ule, mji uliokusanya watu wa Bara Hindi, Hadhramaut, Omani, Ngazija na bara la Afrika. Katika mazingira hayo kijana aliyejua kusoma na kuandika kwa hati za Kiarabu alikuwa na ujuzi uliotafutwa. Wafanyabiashara, maliwali na wakuu wa bara walihitaji makarani wa kuwaandikia barua na kuwasomea walizoletewa.

Ng'ambo ya Unguja, Mrima wa kaskazini ulikuwa chini ya kivuli cha mamlaka mbili. Upande wa bahari palikuwa na Sultani, aliyeweka maliwali Tanga na Pangani. Upande wa bara palikuwa na mfalme wa Vuga, Kimweri ya Nyumbai, aliyetawala milima ya Usambara na nchi za Bonde zilizo chini yake. Madiwani wa baadhi ya miji ya pwani walihitaji kibali cha pande zote mbili. Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena 1852, na Richard Burton alifika Vuga 1857. Wageni hao waliandika kwamba mfalme alikuwa mzee na kwamba neno lake lilisikika mbali. Mamlaka ya Vuga ilisimama juu ya imani ya Washambaa kwamba mfalme mwenye nguvu huiponya nchi, huleta mvua na shibe, na kwamba wakuu wanaogombana huidhuru. Kwa Kishambaa hali hizo mbili huitwa kuzifya shi na kubana shi.

Kimweri alifariki kiasi cha mwaka 1862, na ufalme ukaanza kupasuka. Mrithi wake, Shekulwavu, alikuwa mjukuu wake. Aliyempinga alikuwa Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekuwa mtawala wa Mazinde. Mazinde haipo juu mlimani kama Vuga. Ipo chini, ukingoni mwa nyika, katika njia ya misafara itokayo Pangani kufuata bonde la Mto Ruvu kuelekea Upare na Kilimanjaro. Pembe za ndovu zilipita hapo, pamoja na nguo, bunduki, baruti na watumwa. Wazee wa Vuga walihesabu nguvu za mfalme kwa mvua na kodi, ilhali Semboja alizihesabu kwa bunduki na wageni. Katika ugomvi huo Vuga ilishambuliwa, Wabondei waliasi utawala wa Wakilindi katika machafuko yaliyojulikana kama Kiva, na watu wengi wa milimani walikamatwa na kuuzwa pwani.

3.0 Karani wa Mazinde

Ni kwa Semboja huyu ndipo Abdallah bin Hemedi alipotumikia kama karani. Cheo hicho chahitaji kuelezwa, kwa sababu ndicho kilichomfanya awe mwandishi wa aina aliyokuwa. Kazi ya karani wa mtawala wa bara haikuishia katika kuandika barua. Alikuwa mkalimani wa desturi. Alimweleza mkuu wake mambo ya pwani, akawaeleza watu wa pwani mambo ya mkuu wake. Alikaa barazani wakati wa mashauri, akasikia kesi zikiamuliwa, akajua nani ni mjomba wa nani na nani ana kisasi na nani. Katika ufalme ambamo kila mwana wa mfalme alipewa nchi ya kutawala na kila nchi ilimtetea mpwa wake, elimu ya nasaba ilikuwa elimu ya siasa.

Hapo Mazinde, na katika safari za kikazi, Abdallah alipata mambo mawili ambayo yeyote kati ya wasafiri wa Kizungu wa zama zake hakuyapata kwa pamoja. Alipata lugha na ukaribu, kiasi cha kusikia masimulizi ya Wakilindi yakisimuliwa na Wakilindi wenyewe kwa shabaha zao wenyewe. Na pia aliyaona kwa macho mambo ya kizazi chake, na baadhi yake alishiriki. Ndiyo maana kitabu chake kina sehemu mbili za tabia tofauti, ijapokuwa zimeunganishwa kwa mtiririko mmoja: sehemu ya kale, ambayo ni kisa, na sehemu ya karibu, ambayo ni ushahidi.

Si vyema kumpamba mtu huyu kupita kiasi. Alimtumikia mtawala ambaye utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na kuuzwa kwa binadamu, na kalamu yake ilikuwa miongoni mwa zana za utawala huo. Msomaji wa Habari za Wakilindi apaswa kulikumbuka jambo hili kila anapokutana na hukumu juu ya Shekulwavu, juu ya Wabondei walioasi, au juu ya Semboja mwenyewe. Hukumu hizo zimetoka kwa mtu aliyekuwa na upande. Hata hivyo ni kalamu hiyo hiyo iliyoandika uchungu wa nchi iliyogawanyika, na kueleza jinsi ndugu walivyouzana. Mwandishi aliyetaka tu kumsifu bwana wake angeliyaficha mambo hayo.

4.0 Kurudi Pwani na Kuandikwa kwa Kitabu

Baada ya miaka ya Usambara, Abdallah bin Hemedi alirudi katika maisha ya pwani na kushika madaraka ya utawala. Wakati huo ulimwengu aliouzoea ulikuwa unageuka. Mikataba ya Wajerumani na wakuu wa bara ilianza katikati ya miaka ya 1880. Mwaka 1888 pwani iliinuka chini ya Abushiri wa Pangani, na Desemba 1889 Abushiri alinyongwa. Wajerumani walipojenga utawala wao waliuchukua mfumo wa maliwali na maakida uliokuwapo na kuutumia kwa manufaa yao. Wakawahitaji watu wa aina ya Abdallah, wajuao kusoma, kuandika na kuamua kesi, na hivyo akawa akida chini ya dola mpya. Karani wa Semboja sasa alikuwa mtumishi wa serikali iliyowapokonya wana wa Semboja uhuru wao.

Katika hali hiyo ndipo kitabu kilipozaliwa. Sehemu ya kwanza ilichapishwa 1895, ya pili 1904 na ya tatu 1907, zote katika kiwanda cha chapa cha Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati (UMCA) huko Magila, yaani Msalabani, katika nchi ya Bonde. Tukio hili lina mengi ya kutufunza. Mwandishi alikuwa Mwislamu na wachapaji walikuwa mapadri wa Kianglikana. Masimulizi yalikuwa ya watawala wa Washambaa, na mahali yalipochapwa palikuwa katikati ya Wabondei, watu waliowaasi watawala hao. Aidha lugha haikuwa Kishambaa wala Kibondei, bali Kiswahili, ambacho misheni ilikitumia kufundishia na ambacho Wajerumani walikuwa wakikifanya lugha ya ofisi.

Sehemu ya kwanza ilipotoka kizazi cha Semboja kilikuwa kinakwisha. Vuga ilikuwa ingali na mfalme, lakini mfalme aliyewekwa na kuondolewa kwa hiari ya Wajerumani. Kwa hiyo kuandika habari za Wakilindi wakati huo kulikuwa ni kuandika juu ya enzi iliyokwisha kuvunjika, mbele ya wasomaji ambao wengi wao waliona ahueni kwamba imevunjika. Abdallah hakuishi kuiona Vita Kuu iliyoanza 1914, ambayo iliwang'oa Wajerumani waliokuwa wamewang'oa mabwana zake wa kwanza.

5.0 Kisa cha Mbega na Ujuzi wa Milimani

Kiini cha kitabu ni kisa cha Mbega, mwanzilishi wa ukoo. Mbega anazaliwa Ngulu. Anaota meno ya juu kwanza, yaani ni kigego, na kwa desturi mtoto wa namna hiyo ni mkosi. Jamaa zake wanamnyima urithi na kumfukuza. Anaishi na mbwa wake porini, akiwinda nguruwe. Anafika Kilindi, mahali litokapo jina la ukoo, na kufanya urafiki na mwana wa mkuu wa huko. Kijana huyo anauawa na nguruwe katika mawindo, na Mbega hana budi kukimbia tena. Anapanda milima ya Usambara, anawagawia wenyeji nyama na kupokea chakula cha mashamba yao. Anaamua kesi zao, anaganga maradhi yao, na sifa yake inatoka kijiji hadi kijiji mpaka Bumbuli na hatimaye Vuga. Usiku wa safari ya kwenda Vuga anamwua simba. Watu wa Vuga wanampokea na kumtawaza. Naye anaoa katika kila nchi, ili kila nchi iwe na mpwa wa kutawala. Buge, mwanawe wa Bumbuli, ndiye anayemrithi.

Kwa mtazamo wa wanahistoria swali ni moja, ikiwa Mbega aliishi kweli na lini. Steven Feierman, katika uchunguzi wake wa ufalme wa Washambaa uliochapishwa 1974, alionesha kwamba kisa hiki kina mantiki yake. Mbega wa mwanzo ni mtu wa porini, mla nyama, asiye na mke wala shamba. Mbega wa mwisho ni mtu wa mji, mwenye wake na raia wanaolima. Kati ya ncha hizo mbili kuna mabadilishano ya nyama kwa nafaka, mwindaji kwa wakulima. Kisa kinaeleza jinsi nguvu ya hatari itokayo nje ya jamii inavyoweza kufanywa nguvu ya kuiponya nchi.

Lakini mwanafunzi wa fasihi ana swali jingine. Je, Abdallah alikifanyia nini kisa hiki? Jambo la kwanza ni kwamba alikirefusha kwa mazungumzo. Katika kitabu chake wahusika husemezana kwa kirefu. Hubishana, hubembelezana, hutumiana wajumbe na kujibizana. Msomaji anaingizwa barazani. Hapa ndipo tunapomwona karani wa Mazinde aliyekaa miaka mingi akisikiliza mashauri. Mbega wake ni mtu anayeshinda kwa mkuki na kwa uganga, lakini zaidi kwa kauli.

Jambo la pili ni ujuzi wa kazi. Kitabu kimehifadhi namna mwindaji alivyoishi na mbwa wake na kuwategemea, kwa nini wakulima walimpenda mtu anayeua nguruwe waharibifu wa mashamba, jinsi nyama ilivyogawiwa na nini kilitolewa badala yake, adabu za kumpokea mgeni, kazi za wazee katika kumteua mtawala, na siri iliyozunguka kifo cha mfalme. Mambo haya hayakuandikwa kama orodha ya desturi, jambo ambalo Velten aliwaomba watu wake wafanye miaka hiyo hiyo. Abdallah aliyaweka ndani ya mwendo wa kisa, pale yanapohitajika na mhusika. Msomaji anajifunza kuwinda kwa sababu Mbega ana njaa. Anajifunza kanuni za ujomba kwa sababu Buge anatafuta wa kumtetea. Hiyo ni mbinu ya mtunzi.

Jambo la tatu ni lugha. Kisa kilichosimuliwa kwa Kishambaa kilipoingia katika Kiswahili cha Mrima kilipata wasomaji wapya, na papo hapo kikapoteza kitu. Milimani, kisa cha Mbega kilikuwa mali ya wazee na ya mahali. Watu wa Bumbuli walikuwa na sababu zao za kukisimulia, na wa Vuga walikuwa na zao. Kila usimulizi ulikuwa hoja katika shauri fulani. Katika kitabu hoja hizo nyingi zimekuwa mtiririko mmoja. Hasara hii haikuwa ya Abdallah peke yake, kwa maana kila simulizi inayoandikwa huilipa. Hata hivyo ni wajibu wetu kuitaja, kwa kuwa kitabu kikishaenea huanza kuwasahihisha wasimulizi. Mzee anayesimulia tofauti na kitabu huonekana amekosea, ilhali huenda yeye ndiye anayehifadhi lile ambalo mwandishi aliliacha.

6.0 Kitabu Baada ya Mwandishi

Chapa za Magila zilikuwa chache na zilianza kuadimika. Roland Allen, kasisi wa Kianglikana, alikifasiri kisa cha Mbega kwa Kiingereza, na tafsiri yake ikaanza kutoka katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1936. Mwanawe, J.W.T. Allen, ambaye juhudi zake za kukusanya miswada ya Kiswahili zimeitajirisha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alishirikiana na mmoja wa wazao wa Kimweri ya Nyumbai kuhariri toleo jipya la Kiswahili. Lilichapishwa na East African Literature Bureau, Nairobi, mwaka 1962, na tafsiri kamili ya Kiingereza ikafuata 1963.

Tarehe hizo zina uzito. Mwaka 1962 ndio aliofariki Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Kwa hiyo mwaka ule ule Tanga ilimpoteza mwandishi wake mkubwa wa karne ya ishirini, na ikamrudishia msomaji kitabu cha mwandishi wake wa karne iliyotangulia. Hali kadhalika, katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa uhuru, madaraka ya machifu yalifutwa Tanganyika. Toleo jipya la Habari za Wakilindi lilitoka wakati Wakilindi walipokoma kuwa watawala, kama vile toleo la kwanza lilivyotoka walipokoma kuwa huru.

Huenda ndiyo sababu kitabu hakikupata nafasi katika mitaala ya fasihi ya taifa jipya. Kilikuwa na sura ya kitabu cha ukoo mmoja, na ukoo wa watawala. Taifa lilitafuta fasihi ya raia. Kwa kukiacha, tuliacha pia kiungo cha nathari ya Kiswahili iliyokua Tanga na Bonde, kwani ni katika nchi hiyo hiyo ya Bonde ambapo Samuel Sehoza, mtu wa misheni ya UMCA, aliandika Mwaka katika Minyororo, kilichotoka 1921. Kati ya Abdallah, Sehoza na Shaaban Robert kuna njia inayoonekana. Ni waandishi wa eneo moja waliosimulia maisha na zama zao kwa nathari, na wote watatu walifanya kazi chini ya dola ngeni.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba maisha ya Abdallah bin Hemedi hayatengani na kitabu chake. Uunguja wake ulimpa kalamu, Mazinde ilimpa masikio na macho, utumishi chini ya Wajerumani ulimpa umbali wa kuitazama enzi iliyopita, na Magila ikampa chapa. Katika kila hatua alikuwa mgeni mwenye kuaminiwa, na alikuwa na masilahi yake.

Zipo kazi mbili zinazowangoja watafiti, hasa wanafunzi wa uzamili. Kazi ya kwanza ni uhakiki wa kifasihi wa Habari za Wakilindi, yaani usanifu wa mazungumzo yake, msamiati wake wa Kimrima uliochanganyika na wa milimani, na jinsi masimulizi yanavyobadilika kutoka kisa kuwa ushahidi. Kazi ya pili haiwezi kufanyiwa maktabani. Kisa cha Mbega kinapaswa kusikilizwa upya Vuga, Bumbuli, Mazinde na Bonde, kwa Kishambaa na Kibondei, kutoka kwa wasimulizi ambao hawajakisoma kitabu, na hata kutoka kwa wale waliokisoma. Usimulizi wao uwekwe kando ya usimulizi wa Abdallah bila kumfanya yeye hakimu. Wasimulizi hao wanapungua kila mwaka, na kazi hii ya pili ndiyo inayostahili kutangulia.